Kipimo cha Eratosthenes hapa Dodoma: tarehe, saa na shule ya kushirikiana nayo

Ndachi_Fizikia

Wakuu, habari za kazi. Nafundisha fizikia kidato cha tatu kwenye seminari, Dodoma. Vijana wanasoma pia Kilatini na wamefika pale Plinius, mwandishi wa Roma ya kale, anapotaja kipimo cha dunia cha Eratosthenes, stadia 252,000 (stadia ni kipimo cha kale cha urefu). Huyu Mgiriki alikokotoa mzingo wa dunia kwa kulinganisha jua la adhuhuri kwenye miji miwili: mmoja jua likiwa utosini, mwingine likitoa kivuli. Nataka wakipime wenyewe badala ya kukariri.

Nina bomba la chuma la mita 1 na kiwanja cha kikapu chenye saruji. Shule mbili ziko tayari kushirikiana nasi, moja Arusha na nyingine Mbeya. Ipi inafaa? Jua linakuwa utosini Dodoma lini, na saa ngapi? Tatizo jingine: kwenye jaribio la kwanza ncha ya kivuli haikueleweka. Mwanafunzi mmoja anasoma hapa, mwenzake anasoma sentimita nzima pembeni.

Nyuzi36

Mwalimu, kwanza tarehe. Dodoma iko nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: tarehe 4 au 5 Machi, na tarehe 8 au 9 Oktoba. Achana na Machi, ni masika na mawingu yatakutesa. Oktoba anga ni nyeupe, Dodoma na hata Nyanda za Juu.

Saa: usisubiri saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo iko baharini huko. Dodoma iko kwenye nyuzi 35.7, na kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo tunachelewa dakika 37. Ongeza kwamba jua lenyewe halitembei sawasawa na saa ya ukutani: mwanzoni mwa Oktoba limetangulia dakika 12 hivi, mwanzoni mwa Machi limechelewa kiasi hichohicho. Adhuhuri ya kweli, yaani jua likiwa juu kabisa, Dodoma tarehe 8 Oktoba ni saa 6:25. Tarehe 5 Machi ni saa 6:49, karibu saa saba!

Shule sasa. Hesabu hii inataka vituo viwili vilivyo kwenye mstari mmoja wa kaskazini–kusini. Mbeya iko zaidi ya nyuzi 2 magharibi yako, umbali wake ni wa mshazari. Arusha ina nafuu, ila nayo imekaa mashariki karibu nyuzi 1. Tafuta shule Songea. Tazama ramani: Babati, Dodoma, Iringa na Songea ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja, kama zimepangwa kwa uzi. Hata Eratosthenes hakuwa na bahati hiyo, maana mji wake mmoja, Syene (Aswan ya leo, Misri), uko nyuzi 3 mashariki ya ule wa pili, Aleksandria.

Kati ya Dodoma na Songea kuna nyuzi 4.5. Siku jua likiwa utosini kwako, bomba la mita 1 Songea litatoa kivuli cha sentimita 7.9 kuelekea kusini. 7.9 gawanya kwa 100, tafuta tanjenti kinyume, unapata 4.5. Duara zima ni nyuzi 360, yaani mara 80 ya hizo. Umbali wa moja kwa moja ni kilomita 500 hivi. Zidisha kwa 80, huo ndio mzingo wa dunia. Iringa ni karibu mno: kivuli sentimita 2.8 tu, kosa dogo linameza jibu.

Fundi_Timazi

Hiyo ncha inayofifia si kosa la wanafunzi. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kila mita 1 ya urefu inazaa ukungu wa milimita 9 kwenye ukingo wa kivuli. Ukirefusha bomba, ukungu nao unarefuka. Dawa ni kuacha ncha na kutumia tundu.

Chukua bati la sentimita 30 kwa 30, toboa katikati tundu la duara la milimita 8, lisawazishe kwa pima maji na ulibane kwenye mkono wa mbao unaochomoza kutoka kwenye nguzo, tundu liwe mita 2 juu ya sakafu. Chini utaona doa la mwanga la milimita 27 hivi. Hiyo ni picha ya jua. Zungushia doa penseli, kisha weka alama katikati yake. Tundu likiwa dogo sana doa linafifia, likiwa kubwa ukingo unalegea.

Sasa jambo linaloharibu kazi za shule nyingi: wima. Bomba likilala nyuzi 1 tu, ambayo macho hayaioni, umekosea nyuzi 1 katika 4.5. Kwa hiyo usipime kutoka kwenye shina la nguzo. Pitisha uzi wa timazi katikati ya tundu, weka alama pale ncha ya timazi inapogusa karatasi, na pima kutoka hapo. Ukifanya hivyo, nguzo ikipinda haidhuru, na hata sakafu ikiinama kidogo kosa ni dogo mno kwa vivuli vifupi hivi. Urefu wenyewe pima kwa futikamba kufuata uzi huohuo.

Upepo wa Dodoma mnaujua. Shusha timazi asubuhi kabla haujaanza, rudia baada ya kazi. Alama ikihama zaidi ya milimita 1, stendi imelegea. Karatasi ya manila ibanwe kwa selotepu pande zote nne.

Na msiwinde dakika ya adhuhuri. Wekeni alama kila dakika 5 kuanzia saa 6:05 hadi 6:45. Madoa yatatembea magharibi kwenda mashariki kwenye mstari karibu ulionyooka. Chora mstari, kisha pima umbali mfupi kutoka alama ya timazi hadi kwenye mstari, kwa pembe mraba. Wingu likila alama mbili tatu, hakuna hasara. Kwa mita 2, Songea watapata sentimita 15.8, na kosa la milimita 1 litasogeza jibu la mwisho kama kilomita 250.

Mtera

Naongeza moja. Hizo kilomita 500 mnazitoa wapi? Mkizisoma kwenye simu, simu imezikokotoa kwa kutumia ukubwa wa dunia uleule mnaoutafuta. Mnazunguka mlemle. Ni afadhali kilomita za dashibodi ya gari, kipande kwa kipande, na uelekeo wa dira kwa kila kipande. Zidisha kila kipande kwa kosaini ya pembe yake kutoka kusini, jumlisha. Barabara ya Iringa, Makambako na Njombe inapinda sana, kwa hiyo vipande viwe vifupi.

Pia msiwaambie vijana Eratosthenes alikosea asilimia kadhaa. Urefu wa stadia yake wataalamu bado wanabishania.

Ndachi_Fizikia

Nimeelewa, bati nitalitoboa mwenyewe. Je, wingu likituzuia tarehe 8 na 9, tusubiri mwaka mwingine?

Nyuzi36

Hapana. Sharti ni vituo vyote viwili vipime siku moja, basi. Kabla ya tarehe 8, jua liko kaskazini ya wote wawili, vivuli vyote vinaelekea kusini: toa pembe ndogo kwenye kubwa. Tarehe 12, kwa mfano, limeshapita kusini yako zaidi kidogo ya nyuzi 1 na bado liko kaskazini ya Songea nyuzi 3 na ushei. Kivuli chako kitaelekea kaskazini, chao kusini, na hapo mnajumlisha. Waandike uelekeo pembeni ya kila namba, maana akisahau mmoja tu hutajua ujumlishe au utoe.