Naomba ushauri: kupima jeni za saratani ya matiti, nianze mimi au mama mdogo?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Newala, Mtwara, nina miaka 34 na watoto wawili. Bibi mzaa mama alifariki kwa saratani ya matiti, mama naye akafuata akiwa bado kijana. Sasa mama mdogo yuko Dar anatundikiwa dripu za saratani. Ukoo unasema tumerogwa. Mimi nimesoma nikakutana na jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya matiti: mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Mwanamke aliyeirithi, uwezekano wa kuugua kabla ya kufika miaka 80 ni karibu asilimia 70. Usingizi ukapaa.

Kinachonichanganya, inashauriwa apimwe kwanza aliyeugua. Mimi nikipima peke yangu nikaambiwa sina, huenda tatizo la ukoo liko kwenye jeni nyingine, nikajipa moyo bure. Lakini mama mdogo namwambiaje wakati hata uji anatapika? Tena Waafrika tuko wachache kwenye tafiti hizi, kwa hiyo majibu ya "kuna badiliko ila maana yake haijulikani" hutupata zaidi.

Hela ya korosho ipo kidogo. Aliyewahi kupima, alipelekwa wapi, akalipa kiasi gani? Nikikutwa nayo, picha za matiti za kila mwaka nitapigia wapi huku kusini? Wa kunishauri niende kwa mganga wa kienyeji, hao ninao tele hapa nyumbani.