Je, mwigizaji amtetee mhusika aliyetenda ubaya?

Swali, kutoka Nakuru:
Hamjambo, ndugu zangu wasanii. Katika tamthilia tunayoifanyia mazoezi, naigiza mama anayemwacha mtoto wake mchanga kwenye benchi la zahanati alfajiri, kisha anapanda matatu ya kwenda Eldoret bila kugeuka. Kila tunapofika hapo, mikono yangu hukawia juu ya leso iliyomfunika mtoto, na machozi hunitoka. Mwelekezi wetu anasema machozi hayo si ya mama huyo bali ni yangu mimi, ninayewaomba watazamaji wasinichukie. Shangazi naye amenisihi niuache uhusika huo, kwa kuwa watu wa kanisani watanitazama vibaya. Nimesoma mahojiano ya mwigizaji Isabelle Huppert wa Ufaransa, ambaye hashughuliki kumsafisha mhusika wala kumhukumu. Namwamini, lakini mwili wangu haujui kulitenda jambo hilo. Ninyi hufanyaje?

Jibu la kwanza, kutoka Kisumu:
Pole kwa mzigo huo, dada, na hongera kwa kuukubali. Mimi hufunza maigizo katika shule ya sekondari, na kila mwaka namwona mwanafunzi aliyepewa uhusika wa mwizi akiigiza huku mwili wake wote ukisema kwamba yeye si mwizi. Tazama Huppert anavyomaliza La Pianiste, filamu ya Michael Haneke iliyompa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2001: anajidunga kisu karibu na bega, uso unakunjamana kwa nukta chache, kisha anatoka nje ya ukumbi na kwenda zake. Hatuelezwi lolote, nasi tunaachiwa kazi ya kumfikiria. Mwaka 2002 alisimama mahali pamoja jukwaani kwa karibu saa mbili katika tamthilia ya 4.48 Psychose ya Sarah Kane. Kwa hivyo anzia mikononi. Ikunje leso kama unavyoikunja nyumbani, pindo kwa pindo, kisha uondoke.

Jibu la pili, kutoka Kakamega:
Nakubaliana na mwalimu, ila utulivu peke yake hautoshi, kwa maana mtu anaweza kutulia akawa gogo tu. Katika filamu ya Une affaire de femmes ya Claude Chabrol, ya mwaka 1988, Huppert ni mwanamke anayewatoa wenzake mimba wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani. Kisa hicho kimetokana na Marie-Louise Giraud, aliyekatwa kichwa kwa gilotini mwaka 1943. Mwanamke yule anapenda pesa, anatamani kuwa mwimbaji, anawalisha wanawe na kumdharau mumewe, yote kwa pamoja, wala Huppert hatumii jema moja kufidia baya jingine. Je, mama unayemwigiza anaendea nini Eldoret? Ukilijua hilo, utakuwa na la kutenda badala ya kusikitika.

Na shangazi usimpuuze, mwalike mazoezini. Mama yangu mzazi aliponiona nikiigiza mume katili, alininunia siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza yule mume alilelewa na nani.

Jibu la aliyeuliza:
Asanteni sana. Jioni hii nimeikunja leso pindo kwa pindo, na kwa mara ya kwanza mwelekezi hakutusimamisha. Swali la Eldoret ndilo limeninyima usingizi: nimeupekua mswada wote, na hata nauli ya matatu sijui mama yule aliipata wapi.