Naombeni ushauri: tela dogo la kulala watu wawili, nyuma ya Prado

Wakuu, habari za muda huu. Watoto wameshahama nyumbani, tumebaki mimi na mama yao, na tunataka kuzunguka nchi kwa barabara: Dar, Iringa, Ruaha, Mbeya, hadi Katavi tukijaliwa. Gari ni Prado ya dizeli. Kilichobaki ni tela.

Nimeona aina mbili, zote za Afrika Kusini. La kwanza hema linafunguka juu yake, jiko unalivuta nyuma kama droo. Ni jepesi, ila kila jioni ukunjue, kila asubuhi ukunje, na mvua ikipiga usiku unaondoka na hema limelowa. La pili ni kibanda kigumu chenye mlango pembeni, kitanda kimetandikwa muda wote. Waifu anataka hili, na sababu yake ni fisi. Sina hoja ya kumbishia.

Wasiwasi wangu ni uzito. Kupanda mlima Kitonga nyuma ya malori tutajikongoja tu. Kushuka ndiko kunanitia shaka, maana tela lisilo na breki zake linasukuma gari kwenye kona. Halafu kuna rasta, yale mawimbi ya barabarani, za kuelekea Ruaha, zile za kulegeza kila nati.

Mliowahi kuvuta: kibanda cha kilo 900 kikiwa kitupu, ukijumlisha maji na gesi, kinavutika salama huko? Springi za bapa au za koili? Rimu zifanane na za Prado ili spea iwe moja? Na getini hifadhini, tela linalipiwa kivyake?