Nimechoka na maneno yenu: mbegu, mdau, mchakato, mzalendo... njooni hapa mnieleze maana yake

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa manabii, mimi sizungumzii manabii peke yao, nazungumzia maneno. Nitaandika marefu, asiye na bando la kusoma apite tu hatuna ugomvi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 34, sasa hivi niko zangu Morogoro nafuga kuku na kugombana na kunguru. Wiki iliyopita kwenye grupu la familia mpwa wangu kaandika "mjomba siku hizi umekuwa mhafidhina sana", halafu kaweka na kakatuni kanacheka. Mtoto irabu nimemfundisha mimi! Sawa, tuanze na hilo hilo. Mhafidhina limetoka kwenye kuhifadhi, ukoo mmoja na hafidhi, yule kijana wa madrasa aliyeishika Kurani yote kichwani, ukoo mmoja na hifadhi ya Mikumi hapo ambako mgeni analipa dola kuangalia twiga. Kumbe kumhifadhi twiga ni utalii ila kuhifadhi maana ya neno ni ushamba.

Kilichonifanya niandike ni mdogo wangu wa kike. Ni mjane, alikuwa na cherehani mbili, moja anashona mwenyewe nyingine kamwajiri binti, sare za shule na magauni ya kipaimara, maisha yanakwenda. Juzi nimepita kwake nakuta barazani peupe. Cherehani ziko wapi? "Kaka nimepanda mbegu."

Wakuu mimi mbegu naijua. Mbegu unaifukia mwenyewe kwenye shamba lako, mvua ikigoma unaiona ikigoma, ngedere akifukua unamwona, ikiota unaona, na ukikosa unajua umekosea wapi. Hii ya siku hizi iandikeni hivi kwenye kamusi: mbegu ni hela unayoifukia kwenye shamba la mwenzio, yeye anavuna, wewe unaambiwa imani yako ilikuwa haba ndio maana haijaota, ongeza nyingine.

Nikamuuliza mbegu ya nini, kanijibu ya kuvunja laana ya ukoo. Hapa ndo damu ilichemka. Laana ya ukoo maana yake ni ugonjwa ulioachiwa na babu ambaye daktari wako hajawahi kumwona, hauna kipimo, dawa yake inalipwa kwa awamu na haiishi mpaka uishiwe. Sasa ukoo wenyewe ni huu wangu! Babu yetu alikuwa katekista, kazunguka vigango vinne kwa baiskeli isiyo na breki, mvua yake jua lake, malipo yake yalikuwa kuku wa Pasaka na watu kusimama akiingia, kafundisha watu Baba Yetu ambao mpaka leo wajukuu zao wanaisali. Leo anatokea kijana wa juzi mwenye suti inayong'aa anamwambia dada yangu kwamba huyo mzee aliunganisha ukoo na madhabahu za giza. Cherehani mbili kwa ajili ya kumtukana babu! Na hiyo madhabahu yao ya nuru ina lipa namba, imebandikwa pale mbele na maandishi makubwa kuliko jina la Yesu.

Na huyo kijana anaitwa mtumishi. Mtumishi nilikuwa namjua wa aina mbili, wa nyumbani na wa serikali, na wote wawili walikuwa wanatumwa. Huyu anatuma yeye. Anakuja na gari tatu, mabaunsa wanawasukuma kina mama wenye watoto mgongoni, anafunguliwa mlango, anabebewa Biblia, yaani Biblia yenyewe hawezi kuibeba halafu ndo mtumishi. Nabii naye vivyo hivyo. Manabii tuliowasoma sisi Yeremia alitupwa kisimani, Eliya alikimbia mfalme akajificha porini akilishwa na kunguru (mimi kunguru wananiibia vifaranga, sina unabii). Nabii wa leo ni mtu anayemtabiria mkubwa kile ambacho mkubwa ameshakitangaza, halafu anakaa safu ya mbele kwenye sherehe.

Kuna watu bado wanamcheka Babu wa Loliondo, kile kikombe cha dawa cha kijiji cha Samunge cha 2011. Jamani yule alitoza shilingi 500, kikombe kimoja, bei moja kwa waziri na kwa muuza mchicha. Leo kwa hawa wa dada yangu kuna mafuta madogo, mafuta makubwa, kitambaa, chumvi na foleni ya wenye kadi. Na mafuta hayo sio mchezo, Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye ibada, wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini. Tukalia siku tatu tukahamia kwenye mpira.

Wenzangu Waislamu msijifanye mnasikitika kwa mbali. Jirani yangu, mzee wa swala tano, ananiambia na kwao wameingia, sheikh wa mtandaoni anasoma ruqya kwa simu, jini anatolewa kwa video na gharama ya jini inategemea umevaa nini. Anasema zamani dua ilikuwa bure na kahawa juu.

Sasa msione nawaonea watu wa dini. Wamejifunza wapi? Huku kwingine. Mtaani kwetu kuna neno mdau. Zamani nilikuwa mwananchi, mwenye nchi, unaona uzito wake? Siku hizi natumiwa meseji "ndugu mdau". Mdau ni mwananchi aliyepokonywa nchi akapewa kiti cha plastiki kwenye kikao. Tumeitwa kikao cha ushirikishwaji, mambo yalishapangwa, bei ilishapangwa, tukasaini karatasi ya mahudhurio, karatasi ile ile ndo ikaenda kuambatanishwa kama ushahidi kwamba wananchi waliridhia. Mimi nilisaini nikidhani nasainia soda. Na tukaondoka na mchango wa hiari, wa hiari kabisa, ambao ukichelewa jina lako linasomwa, na ukienda kutaka barua ya utambulisho ya kijana wako unaulizwa kwanza risiti ya hiari yako iko wapi.

Rushwa nayo tuliwahi kuibatiza, wadogo hamjui. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu mgombea kutoa takrima, ukarimu wa Kiafrika eti. Neno la heshima kabisa hilo, la kumkirimu mgeni! Mgeni anakuja kwako unamchinjia kuku, ndo takrima. Wao wakageuza, mgeni mgombea ndo anakuja na pilau nyumbani kwako na kuondoka na kura. Ikabidi Mahakama Kuu iifute 2006. Ikafutwa kwenye sheria, mtaani ikabadilisha shati tu, leo inaitwa nauli, inaitwa maji ya kunywa, inaitwa motisha kwa wajumbe. Pilau ni lile lile.

Halafu ule usemi tuliokariri, cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Tuliutamka vijana tumesimama wima. Azimio la Arusha la 1967 likasema wazi kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asiwe na nyumba ya kupangisha. 1991 kule Zanzibar CCM wakalegeza, na tangu hapo cheo kimekuwa dhamana kweli, dhamana ya benki, anakiweka anachukua mkopo anajenga apatimenti. Na ndugu ikafa. Wakubwa walikuwa wanaitwa ndugu, Ndugu Rais, Ndugu Waziri, leo hata diwani ukimwita ndugu anaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Mheshimiwa maana yake anayeheshimiwa, sio anayedai kuheshimiwa, kitenzi hicho kina tofauti nimekifundisha darasa la sita kwa chaki.

Mchakato je? Hili nalichukia kuliko yote. Ukisikia jambo liko kwenye mchakato jua limezikwa ila msiba haujatangazwa. Katiba mpya, sheria ya mabadiliko 2011, tume ya Jaji Warioba ya kukusanya maoni ikaanza 2012 ikazunguka nchi nzima, mimi mwenyewe nilisimama kwenye mkutano nikatoa maoni yangu na nguo nilipiga pasi, Bunge Maalumu 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Mpaka leo! Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kuahirisha leo anajua kusoma na kuandika, na bado tunaambiwa mchakato unaendelea.

Mzalendo ndo usiniguse. Kaka yangu alikwenda vita ya Kagera, watu walitoa magari yao, walitoa ng'ombe zao, hakuna aliyeuliza posho. Huo ulikuwa uzalendo, ulikuwa unatoa. Sasa hivi mzalendo ni mtu anayepokea halafu anasifia, na anajiita chawa kwa mdomo wake mwenyewe bila kulazimishwa! Chawa wakuu! Sisi shuleni mtoto akikutwa na chawa anarudishwa nyumbani anyolewe, mama yake anaona aibu kupita barabarani. Leo mtu mzima ana mke na watoto anajitambulisha mimi ni chawa wa fulani na watu wanapiga makofi. Na kinyume cha mzalendo ni nani? Aliyeuliza risiti.

Kuna sentensi nzima nayo inatakiwa iingie kwenye kamusi: "tusichanganye dini na siasa". Tafsiri yake, onyo kwa askofu aliyeuliza swali. Askofu akisifia hajachanganya, sheikh akiombea chama kishinde hajachanganya, hiyo ni kuombea taifa. Lakini 2018 Walutheri wa KKKT walipotoa waraka wao wa Pasaka wamechanganya, 2023 maaskofu Wakatoliki wa TEC walipotoa tamko lao la kupinga mkataba wa bandari wamechanganya. Na amani, neno zuri kuliko yote tuliyonayo, tunasalimiana nalo, siku hizi maana yake ni ukimya wa mtu aliyekanyagwa mguu. Ukipiga kelele "unanikanyaga" wewe ndo umevuruga amani, aliyekukanyaga katulia tu, ana amani zake.

Ukiyakuna haya maneno yote, ya madhabahuni na ya jukwaani, rangi ikibanduka chini unakuta ni lete hela, au nyamaza. Mengine yanasema vyote viwili.

Vijana mnaoshangilia hapa subirini na nyie zamu yenu. Wanaharakati wa mahotelini, "kujengewa uwezo" ni nini? Ni kunywa chai na sambusa mbili, kusikiliza slaidi, kusaini posho na kurudi nyumbani uwezo ule ule. Mpwa wangu na wenzie wana "kujitambua", nikakaa nikafikiri ni jambo la maana, kumbe kujitambua ni kutopokea simu ya mama yako. Haki mmeijua yote, wajibu mmeuacha stendi. Na hawa wa upande wangu pia, wazee wenzangu wa "maadili yetu", naona aibu kukaa nao benchi moja. Maadili kwao ni urefu wa sketi ya binti na wimbo wa kufungiwa. Mtu kala hela ya madawati watoto wanakaa chini miaka mitatu, hajamomonyoa maadili huyo? Hapana, huyo ndo mgeni rasmi kwenye kongamano la maadili. Mimi mhafidhina kweli nakubali, lakini nahifadhi mzigo wote, sio sketi tu.

Mpwa kaniuliza sasa mjomba ulitaka maneno yasibadilike? Yabadilike, nani kakataa, hata bunda lilikuwa la karatasi leo ni la noti. Lakini neno likibadilika liage, sio linabaki na jina la babu yangu huku linafanya kazi ya mwizi.

Nilitaka nimalizie na neno "maridhiano" ila simu imeita, mdogo wangu. Anasema Ijumaa kuna mkesha, wote waliopanda wanaitwa kuvuna, anaomba nauli elfu kumi kwa sababu ushonaji umesimama, kama mjuavyo cherehani hakuna. Nimekaa na simu mkononi dakika nzima. Nimemtumia na makato juu. Nikamwambia dada, hiyo ni nauli, umesikia, ni nauli sio mbegu, kacheka kabisa, kasema "Kaka wewe iite unavyotaka, mimi nikifika najua pa kuiweka."