Naombeni msaada: vyanzo vya historia ya Japani enzi ya Meiji kwa mtu asiyejua Kijapani

mwali_wa_uluguru

Wakuu habari za humu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, chuo naomba nisikitaje. Mada yangu ni jinsi serikali ya Mfalme Meiji wa Japani ilivyoajiri wataalamu wa kigeni kuanzia 1868, ikajifunza kwao, kisha ikawapunguza mpaka wenyeji wakashika kazi wenyewe.

Kilichonivuta ni reli. Njia ya kwanza, Shimbashi hadi Yokohama, ilifunguliwa 1872 na wahandisi wakuu walikuwa Waingereza. Mwaka 1880 handaki la Osakayama, karibu na Kyoto, likakamilishwa na Wajapani watupu. Miaka minane! Sisi "wataalamu washauri" tunao tangu Uhuru na bado wapo, nikasema ngoja nione wenzetu walifanyaje.

Sasa msimamizi wangu amenirudishia andiko na swali moja pembeni kwa kalamu nyekundu: vyanzo vya msingi viko wapi? Kijapani sijui hata kusalimia. Maktaba ya chuo, upande wa Asia, nimekuta China, India, na vitabu viwili vitatu vya Japani, vyote vya vita ya pili. Nikitafuta mtandaoni naletewa samurai na katuni. Nauli ya Tokyo ndiyo kabisa msiniulize.

Je, nibadili mada au kuna njia? Naombeni mnisaidie, matusi baadaye.

Kiherehere_Original

Historia ya Japani tena? Mirambo na Kinjekitile umeshawamaliza?

profesa_wa_kijiweni

Ushauri wangu mchungu: badili. Huwezi kuandika historia ya watu ambao lugha yao huisomi. Au anza kozi ya Kijapani leo, tasnifu uiandike baada ya miaka minne. Asikudanganye mtu.

mkutubi_mstaafu

Profesa, kanuni yako ni ya kweli kwa mada nyingi, ila si hii. Angekuja na uasi wa wakulima enzi za Tokugawa, watawala wa kabla ya Meiji, ningekuunga mkono. Huyu anauliza habari za wageni walioajiriwa. Waingereza, Wamarekani, Wafaransa na Wajerumani hao waliandika ripoti za kazi, barua kwa mama zao, shajara na malalamiko ya mshahara, kila mmoja kwa lugha yake. Katika historia nzima ya Japani, hapa ndipo msomaji wa Kiingereza anapopata vyanzo vya msingi halali kabisa. Mwanangu, usibadili mada. Mwambie msimamizi hivyo hivyo.

Nimefanya kazi maktaba ya chuo mpaka nikastaafu, kwa hiyo nianze na rafu zenu wenyewe, maana mtu akisema "hakuna kitabu" mara nyingi amesimama rafu moja tu. Kama maktaba yenu inapanga vitabu kwa namba za Dewey, historia ya Japani ni 952, na kipindi cha kuanzia 1868 ni 952.03. Kama mnatumia mpango wa Library of Congress, tafuta DS 801 hadi 897. Umeishia hapo, siyo?

Basi jua kwamba mada yako haikai hapo peke yake. Katika Dewey ile 952 hubandikwa mkiani mwa somo lingine: elimu ya Japani ni 370.952, reli za Japani 385.0952. Vitabu hivyo viko orofa nyingine kabisa, kwa watu wa ualimu na wahandisi, wala hakuna mwanahistoria anayepita huko. Kwenye katalogi andika namba badala ya neno.

Vitabu viwili vya kuanzia ambavyo unavihitaji kwa ajili ya tanbihi zake kuliko maneno yake: Hazel Jones, Live Machines, 1980, na Umetani Noboru, kitabu kuhusu waajiriwa wa kigeni wa Meiji, kilichotolewa kwa Kiingereza 1971. Kimoja ukikipata, nakili orodha yote ya marejeo. Ukishaipata orodha hiyo, kazi inayobaki ni kuwinda kitu kimoja kimoja.

Osaka_Mbongo

Dada, niko Osaka kimasomo, nikuelekeze vya huku.

Cha kwanza ni JACAR, kituo cha kumbukumbu za kihistoria za Asia kilicho chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Japani. Kilianza 2001, kiko mtandaoni, bure, hakuna kujisajili. Hati zenyewe ni picha za karatasi za Kijapani, ila ukurasa una upande wa Kiingereza na vichwa vya hati vimetafsiriwa, kwa hiyo utajua umeshika nini hata kama huwezi kukisoma. Kila hati ina namba ya rejea inayoanza na herufi: A imetoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, B Wizara ya Mambo ya Nje, C upande wa jeshi. Wewe anza na A, ndiko ziliko hati za baraza kuu la serikali la miaka ya mwanzo ya Meiji.

Usijisikie vibaya kuhusu mwandiko. Ule wa brashi wa wakati huo hata Wajapani wenzangu darasani wanaukimbia.

Pili ni CiNii na J-STAGE kwa makala za kitaaluma. Nyingi ni za Kijapani lakini zina muhtasari wa Kiingereza, na J-STAGE sehemu kubwa unapakua bila kulipa. Maktaba ya Bunge huku nayo ina hazina kubwa ya vitabu vilivyopigwa picha. Vile vilivyokwisha haki za mwandishi unavifungua popote ulipo. Wanayo pia huduma ya 2022 ya kusoma nyumbani vitabu visivyopatikana tena sokoni, ila ni kwa wakazi wa Japani, ukigonga ukuta hapo usidhani ni bando lako.

Halafu majira. Hati zinahesabu miaka ya Meiji: jumlisha 1867, yaani Meiji 6 ni 1873. Na tahadhari, kalenda yetu hii waliianza tarehe 1 Januari 1873. Kabla ya hapo walifuata mwezi, kwa hiyo "mwezi wa tatu" wa Meiji 4 si Machi 1871. Ukilinganisha shajara ya Mwingereza na hati ya serikali ya mwaka huo, tarehe zitapishana na wote wawili watakuwa sahihi.

Bint_Makadara

Salaam aleikum. Mimi ni mtu wa uchumi, Mombasa, lakini nimepita humo kidogo. Dada, kuna jambo hao wakubwa hawajakugusia. Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa cha Tokyo kilikuwa na mradi mkubwa juu ya Japani ilivyopokea teknolojia: reli, migodi, hariri, chuma, mafunzo ya mafundi. Waliandika Wajapani wenyewe kutoka vyanzo vya kwao, kwa Kiingereza, wakiwalenga hasa wasomaji wa nchi kama zetu. Ripoti zile zimewekwa mtandaoni na taasisi ya IDE-JETRO, bila malipo. Hivyo si vyanzo vya msingi, ila vitakuonesha Wajapani wanaulizana nini wao kwa wao. Maana ukiwasoma Wazungu peke yao utaandika hadithi ya Wazungu.

Na JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, ukifungua akaunti yako binafsi bila chuo, wanakuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi hapo hapo mtandaoni. Kupakua ndiko hawataki. Tafuta jarida la Monumenta Nipponica, latolewa na Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo, tangu 1938.

mzee_wa_kumbukumbu

Huyu binti wa Mombasa kasema neno. Nami niongeze hapo hapo, kwa sababu ndipo tasnifu nyingi zinapovunjikia.

Chukua Richard Brunton, Mskoti aliyejenga minara ya taa pwani ya Japani kuanzia 1868 hadi 1876. Aliacha kumbukumbu ndefu. Ukiisoma utadhani Japani nzima ilikuwa imelala mpaka yeye aliposhuka melini, na kila ofisa aliyemwekea kikwazo alikuwa mjinga. Huenda ofisa yule alikuwa analinda hazina tu. Wageni hawa walikuwa ghali mno: Thomas Kinder, mkuu wa kiwanda cha sarafu Osaka, alilipwa zaidi ya yeni 1,000 kwa mwezi, kuliko Sanjo Sanetomi aliyekuwa kileleni mwa serikali. Jiulize kama wewe ungekuwa karani wa fedha ungefanya nini.

Tena mswada wa Brunton uliishia mikononi mwa Mmarekani, William Griffis, aliyefundisha Fukui na Tokyo miaka ya 1870, naye akautia mkono wake. Kwa hiyo unapomnukuu Brunton angalia unanukuu toleo lipi, vinginevyo unamnukuu Griffis.

Karatasi za Griffis ziko Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Ni mkusanyo mkubwa: barua, picha, insha za wanafunzi wake wa Kijapani walizoandika kwa Kiingereza. Hizo insha mimi naziona dhahabu, maana hapo anayesema ni Mjapani, na unamsoma bila mkalimani. Sehemu kubwa imefungiwa kwenye hazina za kulipia, lakini waandikie wakutubi wao barua pepe ya adabu, useme hasa unataka nini.

mwali_wa_uluguru

Jamani, sikutegemea. Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya insha za wanafunzi imenikosesha usingizi.

Maswali mawili. Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, kuna kitu kwa ajili yangu? Na je, nikiandika majina ya wataalamu hao wote si nitazama? Naona walikuwa mamia.

mzee_wa_kumbukumbu

Marahaba. Kew utafute FO 46, ndiyo barua za Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kuhusu Japani mpaka 1905, na FO 262, za ubalozi na konseli zao kule. Katalogi unaisoma bure ukiwa Morogoro. Kupigiwa nakala ndiko kuna bei, kwa hiyo jua jalada na kurasa kabla ya kuomba, usije ukalipia mabadilishano ya salamu za Krismasi.

Kuhusu kuzama: utazama, ndiyo. Chagua taasisi moja.

profesa_wa_kijiweni

Nimesoma yote. Bado nasema lugha ni lazima kwa uzamivu. Kwa uzamili, kwa mada hii, basi, nimekubali nusu.

Taasisi ya kuchagua ni Chuo cha Uhandisi cha Kifalme, Kobu Daigakko, kilichokuwa chini ya Wizara ya Ujenzi. Mkuu wake wa kwanza Henry Dyer alitoka Glasgow 1873 hajafikisha hata miaka 25, akaondoka 1882. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo miongozo ya chuo na ripoti za mkuu zilichapishwa kwa Kiingereza pale pale Tokyo. Kundi la kwanza lilihitimu 1879, yumo Tatsuno Kingo, mwanafunzi wa Josiah Conder wa usanifu majengo, ambaye baadaye akakalia kiti cha mwalimu wake. Tanabe Sakuro akahitimu 1883, akaenda kusimamia mfereji wa ziwa Biwa uliokamilika 1890. Wizara ilivunjwa 1885, na chuo kikaingizwa kwenye Chuo Kikuu cha Kifalme 1886. Una mwanzo, una mwisho, na una watu wa kuwafuata waliopokea kazi kwa waliowafundisha. Sasa swali lako la "waliwaondoaje" lina pa kukaa.

Kiherehere_Original

Profesa kumbe unajua, ulikuwa unatubania tu.

mwali_wa_uluguru

Nimejaribu usiku huu kumtafuta Dyer kwenye Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni. Kitabu chake cha 1904, Dai Nippon, nimekipata kizima. Ila nikiandika jina la chuo pamoja na Tokyo, naambulia patupu.

mkutubi_mstaafu

Andika Tokei. Machapisho ya chuo kile ya miaka ya 1870 yanauandika mji hivyo. Vivyo hivyo vitabu vya Wazungu vya karne ile: Edo utaikuta Yedo, Kyoto ni Kioto, Hokkaido wanaiita Yezo. Weka orodha ndogo ya tahajia za zamani pembeni ya meza, na kila utafutaji ufanye mara mbili. Jaribu pia HathiTrust, maktaba nyingine ya mtandaoni, ingawa huko baadhi ya vitabu vinafunguka kwa walioko Marekani tu. Kikikataa huko, rudi Internet Archive, mara nyingi ni nakala ile ile.

Magazeti ya Wazungu wa Yokohama usiyasahau, hasa Japan Weekly Mail, lililoanza 1870. Ajira, mikataba kuisha, ugomvi wa wageni na wizara, yote yalikuwa umbea wa mji, na wao waliuchapa.

Na kwa marejeo: majina ya Kijapani huanza na la ukoo. Tatsuno ndiyo ukoo, Kingo ndiyo jina lake. Ila kuna vitabu vilivyochapwa Ulaya vinavyogeuza, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuweka mkato, usije ukampanga mtu mmoja chini ya herufi mbili. Hati za JACAR ziandikwe kwa namba ya rejea nzima, pamoja na hifadhi ilikotoka karatasi yenyewe.

mwali_wa_uluguru

Nimeelewa. Swali jipya la utafiti: wahitimu wa Kobu Daigakko walichukuaje nafasi za walimu wao wa kigeni kati ya 1879 na 1886. Namrudishia msimamizi Jumatatu.

Osaka_Mbongo, nikipata hati za A zenye majina ya Dyer na Conder, nikikutumia namba zake utaweza kuniangalizia zinasema nini kwa ufupi?

Osaka_Mbongo

Tuma, ila zisizidi tano kwa mara moja na uweke zile zenye mkataba au mshahara kwanza, hizo zina muundo unaojirudia. Zile za brashi nitampelekea profesa wangu, anapenda sana kuulizwa.