Tupeane uzoefu: kudai fidia ukiumizwa wakati wa kukamatwa, Unguja na Pemba

Mwera Kwetu: Assalamu alaykum. Mnaofuatilia mashauri ya watu waliopigwa au kuwekwa ndani kinyume cha sheria, mwageni ujuzi hapa. Visa vya majina tuviache, vingine bado viko mahkamani. Tutaje kinachosimamisha dai na kinacholiangusha.

Karani Mstaafu: Waalaykum salaam. Anzeni na sare. Mtu akikamatwa Pemba kwa tuhuma za magendo ya karafuu, aliyemtia pingu anaweza kuwa polisi au askari wa KMKM, kile kikosi cha kuzuia magendo, na hapo njia zinaachana. Polisi ni jambo la Muungano, KMKM ni idara maalumu ya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Wanasheria Wakuu ni wawili, wa Muungano na wa Zanzibar. Ukimshitaki wa Zanzibar peke yake kwa kosa la polisi, utakutana na pingamizi la awali kabla hata kipigo hakijatajwa. Upande wa Muungano, Sheria ya Mashauri ya Serikali inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Basi andikeni mapema: sare, nambari ya askari, nambari ya gari, kituo, saa ya kuingia na ya kutoka. Bila ya saa hizo huwezi kuonesha kwamba zile saa 24 za kukufikisha mahkamani zilipita.

Muuguzi Chake: Madai mengi huharibikia kwenye PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Fomu hutolewa na polisi, kwa hiyo aliyepigwa na polisi huogopa kurudi palepale kuiomba. Jaribu kituo kingine. Ikishindikana, nenda hospitali hivyo hivyo, faili lifunguliwe siku ile ile. Na msiridhike na "maumivu ya mwili". Muombe daktari ataje mahali, urefu kwa sentimita, rangi ya jeraha na kitu gani kinaweza kuwa kimeumiza. Pingu iliyobanwa sana huacha mstari mwekundu unaofutika haraka, lakini ganzi ya nyuma ya kidole gumba inaweza kukaa wiki kadhaa, kwani mshipa wa fahamu hapo umepita juu juu. Asipoambiwa, haandiki. Picha zipigwe siku ya kwanza na ya tatu, rula ikiwa pembeni.

Fundi Simu Darajani: Video ya WhatsApp imeshabanwa na tarehe yake ya asili haimo. Itunzeni simu iliyorekodi. Kamera za maduka hujifuta zenyewe, ombeni nakala mapema.

Bint Wete: Na sheha aliyeshuhudia upekuzi?

Karani Mstaafu: Anafaa, lakini ni mteuliwa wa serikali, bibie. Tafuta na jirani mmoja.

Bint Wete: Tume ya Haki za Binadamu je?

Karani Mstaafu: Kulalamika ni bure, ila nenda kabla ya kesi, maana haichunguzi jambo lililoko mahkamani. Nayo hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Asiye na pesa ya wakili aulize Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar.

Jengine: kudai kwamba ulishitakiwa kwa hila lazima usubiri kesi ya jinai iishe kwa ushindi wako. Kupigwa na kuwekwa ndani hakusubiri. Fidia ya maumivu hukadiriwa na jaji, lakini gharama lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe, kwa hiyo risiti ya dawa na tiketi ya boti ya kuja Unguja kutibiwa zisitupwe.

Mwera Kwetu: Na risiti zile za mashine hufifia wino. Zitoeni fotokopi.