Mpenzi akilewa anampiga: mwalimu wa malezi aanzie wapi?

MweziMchanga: Mwanafunzi wa kidato cha tatu, miaka 16, ana michubuko mkononi. Anasema mpenzi wake "ni pombe tu, akiwa mzima ni mpole". Tuwaite wote wawili tuwasuluhishe?

Nesi_Tanga: Msiwakutanishe. Mbele ya mwenzake atakana, kisha atalipizwa njiani. Ongea naye peke yake, mlango umefungwa lakini anaweza kutoka. Muulize: kijana huyo akilewa huwapiga na rafiki zake? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo hoja ya pombe inayumba. Uliza pia nani anashika simu yake, na kama na yeye hunyweshwa au huvutishwa bangi. Aliyeleweshwa huogopa kushtaki kwa sababu na yeye "alikosa".

dawati_la_mtaa: Kama kuna kuingiliwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, zimezwe siku 28. Asioge wala kufua. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana nailoni huozesha ushahidi. Akihisi aliwekewa kitu kwenye kinywaji, mkojo wa mapema ndio wa maana kwa kipimo. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, inatoka polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, ila akiwa na hali mbaya atibiwe kwanza. Chini ya miaka 18 ridhaa haihesabiki.

MweziMchanga: Na akikataa polisi?

Nesi_Tanga: Mpe simu apige 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Andika tarehe na majeraha. Na msimsimamishe shule kwa kunywa, hatazungumza tena.